Mstari Chini ya Kaniki

Ilinichukua nusu saa kufuta kitu kilichodumu zaidi ya miaka sitini.

Ilikuwa mwezi Julai, asubuhi ya baridi ya Heru Juu, ile baridi ya milima ya Kasulu ambayo mtu aliyezoea Dar es Salaam huiona kama adhabu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwa shangazi, baiskeli ya babu imegeuzwa magurudumu juu, nami nina kipande cha msasa mkononi. Nilikuwa likizo, na likizo humpa mtu wa mjini ari ya kurekebisha vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avirekebishe. Nilianza na kava la mnyororo kwa sababu ndilo lililoshika kutu zaidi. Nikasugua. Vumbi jeusi likadondoka, likafuata la kahawia, kisha chuma kikaanza kung'aa. Ndani ya lile vumbi jeusi mlikuwa na chembechembe za njano. Niliziona. Nikadhani ni mabaki ya mawese.

Shangazi alitoka jikoni na ungo wa maharage, akasimama.

"Mstari umeupeleka wapi?"

"Mstari gani, shangazi?"

"Wa baba."

Hakusema lingine. Alikaa kwenye jamvi akaendelea kuchambua maharage yake, na ule ukimya ulinifundisha kwamba nimefanya jambo kabla sijajua ni jambo gani.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fito, gia tatu. Ukifuta grisi kwenye habu ya nyuma utasoma jina Sturmey-Archer na tarakimu 59, yaani habu hiyo ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1959. Gia kubwa ya mbele imekatwa kwa umbo la vichwa vitatu vya korongo, ambaye ni nembo ya kampuni. Utotoni tulibishana: mimi nikisema ni bata, kaka yangu akisema ni jogoo aliyechinjwa.

Babu aliinunua kwa mkonge. Kama vijana wengi wa Buha, nchi yetu Waha, wa wakati wake, aliandikishwa kwenda kufanya kazi ya manamba. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, nayo ilikusanya watu kutoka milimani kwetu, ikawateremsha hadi stesheni ya Kigoma, mahali reli ya kati ilipofika mwaka 1914, ikawapakia kuelekea mashariki. Babu alishukia Kimamba, kule Kilosa. Alikata majani ya mkonge kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kadi haikulipwa mpaka siku zote 30 zijae alama. Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge enzi zile, na mikono mingi iliyoukata ilitoka Kasulu na Kibondo.

Waliorudi walirudi na blanketi, koti, sanduku la bati. Babu alirudi na baiskeli. Shangazi alikuwa binti mdogo, lakini husimulia kama jambo la juzi. Kutoka Kigoma mjini hadi kwetu ni kilomita zipatazo 90 za kupanda, na anasema babu aliikokota sehemu kubwa ya njia ili matope yasiirukie. Penye kijito aliibeba begani. Alipokaribia kijiji aliiosha mtoni, akaifuta kwa shati lake, akalivaa hilohilo shati bichi, ndipo akaipanda na kuingia akipiga kengele.

Baadaye ilifanya kazi zote ambazo baiskeli ya Kigoma hufanya. Ilibeba ndizi, mihogo, madebe ya mawese, wagonjwa, maharusi. Mwaka 1972, Operesheni Kigoma ilipowahamisha watu kutoka vitongoji vyao na kuwapanga vijijini, ilibeba milango miwili, mbuzi mmoja na jiwe la kusagia la bibi. Siku hiyo madigadi ya nyuma yalipinda, na hayakunyooka tena.

Jambo moja la babu lilikuwa likitushangaza sisi wajukuu. Bomba la juu la fremu alikuwa amelifunga: ndani kitambaa cha kaniki, juu yake ukanda wa mpira wa tyubu aliouzungusha kwa mkazo kama bandeji ya mtu aliyevunjika. Tulidhani amefunga kwa huruma yake, ili tusiumie anapotupakia pale mbele. Tuliamini hivyo mpaka alipokufa, na baada ya hapo hakuna aliyefikiria tena juu ya bandeji ile.

Usiku wa siku ile ya msasa sikulala mapema. Nilijifunika blanketi mbili, nikafungua simu, nikaanza kusoma habari za kitu nilichokwisha kukiharibu, tabia mbaya ya watu wengi tuliosoma.

Mistari ile ya kuchorwa kwa mkono ina ukoo mrefu. Ilianzia kwenye magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya. Fundi akishamaliza kupaka bodi, alipita na brashi nyembamba yenye nywele ndefu akifuata kingo, ili jicho lisaidiwe kuliona umbo. Farasi walipoondoka na injini zikaja, mistari ilihamia kwenye motokaa, pikipiki na baiskeli. Katika kiwanda cha Rolls-Royce kule Goodwood, Uingereza, mstari wa ubavuni huchorwa kwa mkono hadi leo, na kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa wa mtu mmoja, Mark Court, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichora mabango. Upana wa mstari wake ni milimita 3 hivi, na urefu unaweza kufika mita 6. Brashi yake ni ya manyoya ya kindi na ng'ombe. Kule Chennai, India, pikipiki za Royal Enfield zilikoanza kuunganishwa mwaka 1955, ndugu wawili walijulikana kwa kuchora mistari ya dhahabu kwenye matangi, tangi baada ya tangi, bila rula wala tepu.

Raleigh nao walikuwa na mafundi wa aina hiyo kabla stika hazijashika kazi. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunganisha baiskeli mwaka 2002, na ule mstari wa kwenye kava la babu hautatoka huko tena. Mkono wa mtu ulikuwa umepita pale mwaka 1959 kwa pumzi moja. Mkono wa babu ukaulipia kwa kipande. Mkono wangu ukaumaliza kwa msasa wa shilingi elfu moja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi kipya changu kilikuwa tayari kwenye begi: nilikuwa nimenunua Kariakoo utepe wa dhahabu wa kubandika, mita tano, unang'aa kama karatasi ya peremende. Asubuhi nilimwonyesha shangazi kwa matumaini. Aliushika, akaunusa, akanirudishia.

"Hii ni plasta," alisema. "Nenda Kibondo. Kuna mzee wa mabango."

Kutoka Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 100. Basi linapita Makere, linavuka mto Malagarasi, unaotoka kwenye milima ya mpaka wa Burundi, ukazunguka kaskazini, mashariki na kusini kama mtu aliyesahau kitu, kabla ya kugeuka magharibi na kuingia Ziwa Tanganyika. Konda alitaka baiskeli ilipe nauli ya mtu mzima. Nililipa bila kubishana. Nilikuwa katika hali ya kutaka kuadhibiwa.

Mzee wa mabango nilimkuta chini ya mwembe, nyuma ya safu ya maduka, anaandika neno KINYOZI kwenye ubao. Kibondo ilimpa kazi nyingi miaka ya tisini, wakimbizi walipoingia kwa wingi na mashirika yakafuata, kila moja likitaka kibao chake kwenye njia za kwenda kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Aliandika mishale, namba za visima, majina ya zahanati, maonyo kuhusu kipindupindu. Siku hizi mabango huchapwa kwenye plastiki, na kwake huja vinyozi, wenye malori wanaotaka majina ya Mungu mbele ya kabini, na vijana wa baiskeli wanaotaka msemo kwenye madigadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa yamekwisha kutua kwenye kava la mnyororo. "Hii nani kaichubua?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaweka brashi kwenye kopo, akaizunguka baiskeli mara mbili, akainama, akabonyeza ile bandeji ya mpira kwa kidole gumba.

"Hapa umefungua?"

"Hapana. Hapo alifunga babu."

"Basi tuanze kwa babu."

Nilitegemea atachukua wembe. Hakuchukua. Alitafuta ncha ya mpira, akaanza kuuzungusha kinyume, taratibu. Ulipokatika kwa uzee aliokota ncha nyingine na kuendelea. Chini yake kaniki ilikuwa imegandana na rangi. Aliilowesha kwa mafuta ya taa, akaniagiza chai, tukanywa chai. Akailowesha tena. Tulikunywa chai mara tatu kabla kitambaa hakijakubali kuachia, na kilipoachia nikaona urefu wa kama mkono mmoja wa rangi nyeusi iliyoiva, nyeusi ambayo sikuwahi kujua kwamba baiskeli ile iliwahi kuwa nayo. Juu yake, mistari miwili ya dhahabu, myembamba kuliko njiti ya kiberiti, imekwenda sambamba kuelekea kwenye siti.

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Njoo uone huyu mtu," alisema.

Alikuwa hasemi habari za babu. Alinionyesha mahali mstari wa chini ulipokuwa mnene kidogo, kwa urefu wa punje ya mchele. "Hapa alimaliza rangi kwenye brashi. Akachovya. Akarudi, akaanzia nyuma kidogo ya alipoishia ili pasionekane kitobo." Akasogeza kidole. "Na hapa alikohoa, au kuna mtu alimwita." Palikuwa na mtetemo mdogo, mdogo mno, halafu mstari ukajinyoosha na kuendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea.

Nilikuwa nimeishi na baiskeli ile tangu kuzaliwa na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ndani yake.

Mzee alipima. Aliweka karatasi nyepesi juu ya mistari, akaifuata kwa penseli. Nafasi kati ya mstari na mstari aliichukua kwa bikari aliyoikunja mwenyewe kwa waya. Rangi aliichanganya juu ya kigae, na hakutumia unga wa dhahabu niliodhani angeutumia, kwa kuwa unga huo ukinyeshewa unageuka kijani. Alichukua njano ya mafuta, akaitia tone la kahawia, akailinganisha na ile ya zamani kwenye kivuli, kisha kwenye jua, akaongeza nusu tone. Kuhusu kava na madigadi alisema yapakwe nyeusi kwanza, yaachwe siku nne yakauke hasa. Fremu hakutaka ipakwe nyeusi. "Iliyobaki, imebaki," alisema.

Brashi yake ya mistari aliitoa kwenye kasha la miwani. Nywele zake zilikuwa ndefu kama kidole cha kati, zimefungwa kwa uzi kwenye kijiti. Manyoya ya ndani ya sikio la ng'ombe, alisema. Ya mgongoni ni magumu. Nikamweleza kwamba Uingereza kuna fundi anayechora mstari wa gari la mabilioni ya shilingi kwa manyoya ya ng'ombe na kindi. Nilidhani atashangaa.

"Kindi hata huku wapo," alisema. "Ila wana mbio."

Kwa kuwa rangi nyeusi ilihitaji siku nne, nilichukua chumba gesti, na mzee akanipa kipande cha kioo cha dirisha. "Chora hapo. Ukikosea, futa."

Kwa watakaotaka kujaribu, kazi huenda hivi. Brashi haishikwi kama kalamu. Inalazwa, nywele zote zinalala juu ya kioo, na ni ule mwili wa nywele unaochora, ncha inafuata tu. Mstari huvutwa, hausukumwi. Kidole kidogo kinateleza ukingoni kama mtu anayeshika ukuta gizani. Unatoa pumzi polepole na kuvuta mpaka pumzi iishe. Macho hayaangalii brashi. Yanaangalia mahali inapokwenda. Hili la mwisho lilinitesa kuliko yote. Kila nilipoitazama brashi ili nihakikishe haikosei, ilikosea.

Siku ya kwanza mistari yangu ilikuwa kama njia ya mlevi. Siku ya pili ilikuwa kama njia ya mlevi anayejua anakokwenda. Mzee alikuwa akipita, anatazama, anachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, anafuta kioo chote kwa mkupuo mmoja na kuondoka. Mara ya kwanza niliumia. Kulikuwa na mstari mmoja ambao nilikuwa nimeanza kuupenda.

"Mzee, mkono unatetemeka," nilimwambia siku ya tatu.

"Unaogopa nini?"

"Kukosea."

Alicheka mpaka akakaa. "Rangi mbichi ya nini kuogopa? Iko kitambaa hapa." Akanionyesha kwa kidole kava la mnyororo lililokuwa likikauka juani. "Pale ndipo ulipaswa kuogopa. Siku ile mkono ulitetemeka?"

Haukutetemeka. Nimelifikiri swali hilo tangu siku ile na jibu ni hilo hilo. Nilishika msasa kwa mkono mtulivu kuliko niliowahi kuwa nao katika jambo lolote, huku nikipiga mluzi. Ila nilipopewa brashi, chombo ambacho makosa yake yanafutika kwa kitambaa, nikatokwa jasho kwenye baridi ya Kibondo.

Nadhani wengi tumelelewa kinyume hivyo. Kuongeza kitu hutuogopesha, kwa maana kilichoongezwa kinaonekana na kina mwenyewe. Watu watauliza nani kachora hiki. Kuondoa hakuna mwenyewe. Mahali palipokwanguliwa panaonekana pasafi tu, na usafi hupongezwa. Ofisini kwetu nimekaa kwenye vikao vya siku nzima kujadili kama tuongeze aya moja kwenye mwongozo, na nimeshuhudia kabati la mafaili ya miaka thelathini likipelekwa kuchomwa kwa sentensi moja ya bosi mgeni aliyetaka chumba kipumue. Nina rafiki niliyesoma naye tangu darasa la tano. Tulikosana kwa sababu ya fedha, na nilimfuta kwa simu moja ya dakika mbili. Kumwomba radhi kulinichukua miezi minane ya kuandika ujumbe na kuufuta, kuandika na kuufuta, kana kwamba neno la radhi ndilo lingeharibu kitu.

Na kuna msasa mwingine, ambao nilijisugua mwenyewe.

Nilipopelekwa sekondari mbali na nyumbani, lafudhi yangu ilifika darasani kabla yangu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na anayetoka milima ya mpakani huzoea swali moja: wewe ni wa wapi hasa? Wenzangu waliliuliza kwa kicheko. Baadaye watu wazima waliliuliza bila kicheko, wakiwa wameshika kitambulisho changu. Nikaona dawa ni kuwa laini. Kwa miaka miwili nilijisugua ulimi mpaka Kiswahili changu kikawa hakina mahali. Kiha nikakiacha nyumbani pamoja na viatu vya zamani. Wanangu hawajui hata kuhesabu hadi kumi kwa Kiha. Shangazi ananiamkia "Mwakeye", akipiga viganja taratibu kama wazee wetu wafanyavyo, nami namjibu "Shikamoo", na kwa miaka yote hiyo hajanilaumu. Nilidhani hajali. Sasa najua ule ulikuwa ukimya uleule wa ungo wa maharage.

Mzee wa mabango naye ana lafudhi ya milimani. Siku ya kwanza nilitaka kumwuliza ametokea upande gani wa mpaka. Swali lilifika kwenye meno, nikakumbuka nilivyokuwa nikilichukia, nikalimeza.

Siku ya nne, nikigongelea skrubu ya madigadi, nyundo ilinipata kidole gumba. Neno lililonitoka lilikuwa la Kiha, tena la zamani, la kina bibi. Lilitoka zima, na lafudhi yake yote. Sikujua kama bado ninalo.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye ubao wake. "Kumbe na wewe," alisema, "umefungiwa kaniki mahali."

Jioni ile alichora kava la mnyororo. Sikuweza kuuona mstari unavyokuja. Niliona tu mahali ambapo haukuwepo, kisha ukawepo. Alirudi nyuma hatua tatu, akatoa pumzi, basi. Kisha akafanya fremu. Ule urefu wa mkono mmoja uliohifadhiwa na babu hakuugusa; alianza pale ulipoishia na kuendeleza hadi mwisho wa bomba. Pale mpya ulipokutana na wa zamani hakupaficha. Ukitazama ukiwa umesimama huoni kitu. Ukiinama, unaona kwamba mtu mmoja aliishia hapa na mwingine akapokea. Nikamwuliza kwa nini asipafute pakawa kitu kimoja.

"Atakayekuja baada yako ajue upi wa kuuliza habari," alisema.

Madigadi ya nyuma aliniachia mimi. Nilivuta mstari wa kwanza, akaufuta. Wa pili nikaufuta mwenyewe kabla hajafika. Wa tatu ulikwenda vizuri mpaka kwenye lile bonde la mwaka 1972, mahali palipobondwa na jiwe la kusagia la bibi, na hapo ukapiga kona ndogo. Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa, mzee akanizuia.

"Madigadi yamepinda. Ulitaka mstari ufanyeje?"

Nauli ya kurudi konda aliitaka tena ya mtu mzima, na safari hii niliona ni haki.

Nilifika Heru Juu jioni, moshi wa majiko umetanda juu ya migomba. Shangazi aliizunguka baiskeli kama mzee alivyoizunguka. Alipita kwenye kava, akatikisa kichwa kidogo. Alipita kwenye madigadi, kwenye kile kikona changu, akatabasamu. Alipofika kwenye bomba la juu alisimama sana, akageuza mkono, akagusa mistari kwa mgongo wa kidole, jinsi mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala ili asimwamshe. Kisha akaingia ndani.

Nilisikia sanduku linafunguliwa. Alirudi na mkasi na kipande cha kaniki, ameshakichana ukanda.

"Shika hapa."

"Shangazi! Tumehangaika siku zote hizi ili uonekane."

"Umeonekana," alisema. "Wewe unarudi Dar Jumapili. Jumatatu mtoto wa kaka yako anapakia maharage ya mnada. Shika."

Nikashika. Akaanza kuzungusha kitambaa, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja ukila nusu ya mwenzake, na mikono yake ikanionyesha kwamba kazi ile hakuianza leo; huenda hata bandeji ya kwanza ilikuwa yake zaidi kuliko ya babu. Katikati ya kazi aliniuliza kwa Kiha kama pamekaza vya kutosha. Nilimjibu kwa Kiha. Nilikosea. Alinirekebisha bila kuinua macho, nikarudia, nikakosea mahali pengine. Akanirekebisha tena.

Mara ya tatu hakusema kitu, aliendelea kuzungusha.